Muulize Shangazi: Wenzangu wanaupenda mji huu, mimi mbona siupendi?

Haya jamani, mwezi huu sijui mmeambiana, barua karibu zote zinaongelea mji. Kuna wanaoupenda mji wao mpaka ukiusema vibaya wanakununia wiki nzima, na kuna wanaokaa humo humo kama wamefungiwa na kofuli. Nimechagua tano, mbili nimezipunguza maana kuna mtu kaandika kurasa sita (nimezisoma zote ndugu yangu, ila gazeti nalo lina mwisho).

*

Shikamoo shangazi. Nilihamishwa kikazi miezi minane iliyopita. Mshahara umepanda, nyumba ni nzuri, maji yanatoka, mlinzi yupo getini, yaani sina cha kulalamikia. Lakini ikifika Ijumaa jioni najisikia kulia. Kinachonishangaza ni wenzangu ofisini, kutwa wanaulalamikia mji huu, foleni, vumbi, kelele, lakini ukiwaambia basi hameni wanakuangalia kama umewatukania mama. Wao wanaona nini ambacho mi sikioni?
Mgeni wa Ghorofa ya Tatu

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili ndo nikagundua kitu: umenitajia mshahara, nyumba, maji, mlinzi, hujanitajia mtu hata mmoja. Mlinzi mwenyewe umemweka pamoja na bomba la maji. Anaitwa nani? Simaanishi kukusuta, nauliza tu, maana nadhani jibu lako limekaa hapo hapo.

Kule Marekani kati ya 2008 na 2010, taasisi ya Knight pamoja na Gallup, kampuni ya kura za maoni, waliwahoji watu wapatao 43,000 kwenye miji na jamii 26, wakitaka kujua ni nini hasa kinamfunga mtu na mahali anapoishi. Ukiniuliza mimi kabla sijasoma matokeo ningesema kazi, usalama, barabara. Hivyo vina uzito wake, ila havikuwa juu. Miaka yote mitatu vilivyotangulia ni kuwepo kwa sehemu na nafasi za kukutana na watu, mji kuwa na roho ya kupokea watu wa aina mbalimbali, na sura ya mahali penyewe, yaani miti, bustani, mandhari. Sasa usinielewe vibaya, mtu asiye na kazi hali bustani. Lakini wewe kazi unayo, kwa hiyo wewe ni yule yule anayeshangaa mbona hesabu imekamilika na moyo bado umekataa.

Wenzako wanaolalamika kutwa wana kitu wewe huna bado, wana watu wa salamu. Sisemi marafiki wa kulia nao msibani, la, nasema mtu unayemjua kwa sura tu, anauza magazeti kona ile, mnapeana hali mnapita. Mwanasosholojia mmoja Mmarekani, Mark Granovetter, aliandika mwaka 1973 kuhusu uhusiano wa namna hii, yeye aliuita dhaifu, akaonyesha kwamba huo udhaifu wake una nguvu, maana mara nyingi habari za nafasi ya kazi zilimfikia mtu kupitia kwa wanaojuana juu juu kuliko marafiki wa karibu, kwa sababu marafiki wa karibu wanajua yale yale unayoyajua wewe. Yeye aliangalia kazi, mi naongezea la kwangu: hao watu wa juu juu ndo wanaokufanya uhisi mji unakujua.

Nikwambie yaliyonikuta. Niliwahi kuhamia mji fulani nikauchukia mwaka mzima, nilikuwa nahesabu siku kama askari jeshi. Siku moja napita kwa fundi viatu, mtu ambaye nadhani nilikuwa nimemsalimia mara tano sita hivi, akaniuliza "wewe wiki iliyopita ulikuwa wapi, mbona hukupita?" Basi. Mji ule ule, vumbi lile lile, ila siku ile nilirudi nyumbani nikapanga vitabu ambavyo vilikuwa kwenye maboksi tangu nihamie. Kumbe kuna mtu nikikosekana anaona.

Kwa hiyo usiniambie utajiunga na mambo kumi kwa mpigo, utachoka wiki ya pili. Chagua sehemu moja tu unayoweza kufika kwa miguu, uende siku ile ile saa ile ile kila wiki, iwe uwanja wa mazoezi, maktaba, kwaya, saluni, popote. Kurudia ndo siri, sura haizoeleki kwa kuonekana mara moja. Na ukikaa na mtu kwenye basi msalimie. Najua unasema haa shangazi, atanishangaa. Hata abiria wa treni kule Chicago walidhani hivyo, kuna watafiti wawili, Nicholas Epley na Juliana Schroeder, walitoa matokeo yao 2014, waliwaambia baadhi ya abiria waongee na mtu wasiyemjua, wengine wakae kimya peke yao. Walioongea ndo walioshuka na furaha zaidi, wakati abiria walioulizwa tu wabashiri walikuwa wamesema itakuwa kinyume chake. Anza na mlinzi.

*

Shangazi mambo. Mi na mume wangu tunabishana mwezi wa pili sasa. Tumepata nyumba kubwa yenye uwanja wa watoto kuchezea, ila ni saa moja na nusu kwenda kazini, na foleni ikikolea ni mbili. Nyingine ni vyumba viwili vidogo, lakini natembea dakika ishirini nafika ofisini. Yeye anataka kubwa. Mi nataka usingizi.
Mama Usingizi

Poa mama. Mi niko upande wa usingizi, na sijifichi.

Wachumi wawili wa Uswisi, Bruno Frey na Alois Stutzer, walichambua takwimu za miaka mingi za watu wa Ujerumani wakitegemea kukuta kwamba anayesafiri mbali analipwa kwa njia nyingine, kama si mshahara mnono basi nyumba bora, ili mzani ukae sawa. Mzani haukukaa. Waliosafiri muda mrefu kwenda kazini hawakuridhika na maisha yao kama wengine, hiyo nyumba na huo mshahara havikutosha kuziba. Na ukifikiria si ajabu, nyumba kubwa unaizoea, miezi sita tu huoni tena kama ni kubwa, unaona vumbi la kufagia. Foleni huzoei, maana kila siku ina sura yake, leo ajali, kesho mvua, keshokutwa msafara wa mkubwa.

Lakini mume wako naye msikilize, hoja ya watoto ni ya kweli. Muulize hivi: huo uwanja watoto watacheza na nani, na wewe utawaona wakicheza saa ngapi kama unatoka giza unarudi giza? Na hapo kwenye vyumba viwili, je, kuna sehemu ya wazi jirani ambayo mtoto anaweza kufika bila kuvuka barabara ya magari ya kasi? Kama hamna kabisa basi mzani unabadilika, nakubali.

Kabla hamjasaini chochote, chukueni wiki moja, mtoke hapo kwenye nyumba kubwa asubuhi ya Jumatatu saa ile ile ya kazi, nyote wawili, na mrudi jioni na wenye haraka. Msiende Jumapili mchana, Jumapili mchana kila nyumba iko karibu.

*

Shangazi, mimi ni katibu wa kamati ya mtaa wetu. Baraza la mji limetupa fungu dogo la kuboresha mtaa, tuchague wenyewe. Nusu ya kamati wanataka mnara wa saa pale kwenye mzunguko wenye jina la mtaa ili tujulikane. Nusu tunataka miti, mabenchi, na matuta ya kupunguza kasi ya magari. Upande wa pili wanasema mabenchi yataleta wahuni. Tusaidie, kikao kinachofuata watapigana.
Katibu Mchovu

Pole katibu, mi vikao vya mtaa navijua, ukitoka hapo unahitaji likizo.

Mnara kwanza niumalize haraka. Mtu wa mtaa wenu ataupiga picha wiki ya kwanza, mwezi wa pili hataunyanyulia hata kichwa, na saa yenyewe itasimama, sijawahi kuona saa ya mnara wa mzunguko ambayo haijasimama saa nne na robo. Kujulikana na watu wanaopita na gari kunawasaidia nini?

Sasa magari, maana hapa ndo kuna mambo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kule San Francisco, mtaalamu wa mipango miji, Donald Appleyard, alichukua mitaa mitatu inayofanana, tofauti yake kubwa ikiwa ni magari, mmoja unapita magari kama 2,000 kwa siku, wa pili 8,000, wa tatu 16,000. Akawauliza watu mnajuana na nani mtaani kwenu. Wa mtaa wenye magari machache walikuwa na wastani wa marafiki watatu, wa magari mengi hawakufika hata mmoja, ilikuwa 0.9. Watu wa salamu nao walikuwa nusu tu. Afu akawaambia wachore sehemu wanayoiona ni kwao. Wale wa mtaa mtulivu walichora barabara nzima, upande huu na ule, wale wa magari mengi wakachora jengo lao tu, wengine nusu ya jengo. Hebu fikiria katibu, mtu analala mtaa ule ule, anapokea barua kwa anuani ile ile, ila "kwetu" yake imeliwa na magari mpaka mlangoni. Kwa hiyo yale matuta mnayoyaona ni kitu kidogo ndo ningeyaweka ya kwanza, kabla hata ya miti.

Wahuni na mabenchi: hoja hii ipo kila mji duniani. Mwandishi mmoja, Jane Jacobs, alishaijibu 1961, akasema usalama wa barabara unatunzwa na macho, watu wanaopita, wenye maduka, wanaochungulia dirishani, ambao hakuna aliyewaajiri kulinda ila wapo na wanaona. Benchi tupu saa tatu usiku nyuma ya ukuta, kweli litapata mhuni. Benchi mbele ya milango ya watu, chini ya taa, karibu na wanapopita wanafunzi, litapata bibi na mjukuu. Mtafiti mwingine wa miji, William Whyte, alikaa na kamera miaka ya 70 akirekodi viwanja vya wazi vya New York kuona kwa nini vingine vimejaa watu na vingine vitupu, na moja ya alichokuta ni cha kuchekesha kwa jinsi kilivyo wazi, kwamba watu hukaa palipo na pa kukaa. Na kinachowavuta watu zaidi ni watu wengine. Viwanja vingi vilikuwa vimejengwa kwa gharama kubwa, marumaru na nini, ila ukitaka kukalisha makalio hamna.

Miti nayo haihitaji wakili, ila waambie wale wa mnara kwamba mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alitoa matokeo kutoka hospitali moja ya Pennsylvania, wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo, nusu dirisha lao liliangalia miti, nusu ukuta wa matofali. Wa miti walitoka mapema kidogo na waliomba dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Dirisha tu hilo, hawajakaa hata chini ya kivuli chake.

Wakibisha kwamba wenye magari na wafanyabiashara watakasirika, watakasirika kweli. Copenhagen kule Denmark walipofunga barabara yao ya Strøget isipitwe na magari 1962 wafanyabiashara walilalamika sana, leo ni mojawapo ya mitaa ya watembea kwa miguu yenye shughuli nyingi Ulaya. Curitiba kule Brazili, 1972, meya Jaime Lerner aliona akisubiri mabishano yaishe atazeeka, kwa hiyo mafundi waliingia Ijumaa jioni na kazi ya kufunga barabara ikafanyika mwishoni mwa wiki. Wenye magari wakatishia kuja kupita kwa nguvu, wakafika wakakuta barabara imetandikwa karatasi ndefu na watoto wamekaa chini wanachora. Nani atakanyaga? (Usinukuu hii kwenye kikao kama ushauri wangu wa kisheria.) Na kama hela hazitoshi kabisa, Bogotá kule Kolombia tangu 1974 wanafunga tu barabara Jumapili na sikukuu kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa nane mchana, siku hizi ni zaidi ya kilomita 120, watu wanaendesha baiskeli, wanatembea, wanacheza. Nyie anzeni na barabara moja na kamba.

*

Shangazi nimeposti picha ya rundo la taka kwenye kundi la mtaa, nimeitwa msaliti, naharibu jina la mji. Kweli?
Msaliti

Hapana. Aliyeukatia mji tamaa haposti, anaruka taka anaenda zake.

Ila ntakuambia ukweli kidogo, picha peke yake inachosha watu. Lalamiko liwe na anuani, nani anahusika, tangu lini, na wewe Jumamosi uko huru saa ngapi. Kwa jina la mji usijali. Medellín kule Kolombia mwaka 1991 ilikuwa inasemwa ndo mji wa mauaji mengi kuliko yote duniani, jina gani baya kuliko hilo? Hawakulifunika. Wakapeleka vitu vizuri kule kule kulikosahauliwa, 2004 wakazindua magari ya kamba yanayopanda mlimani kwenye vitongoji maskini, 2011 ngazi za umeme za nje pale kwenye eneo la Comuna 13 ambapo watu walikuwa wanapanda mlima kwa miguu. Mauaji yalipungua kwa sababu nyingi, sio kwa ngazi tu, nisije nikauza maneno. Lakini mkazi aliona kwamba na yeye amehesabiwa. Porto Alegre kule Brazili kuanzia 1989 walienda mbali zaidi, wakazi wenyewe walikaa vikao kuamua sehemu ya bajeti ya mji iende wapi, mifereji kwanza au lami kwanza. Ukishabishania mfereji na ukashinda, huo mfereji ni wako, ukiona mtu anautupia taka utamfukuza na fagio.

*

Habari za kazi mwanangu. Nina miaka 71, mke wangu alifariki miaka miwili iliyopita. Watoto wangu wanataka nihamie kwao, mji msafi sana, una bustani kubwa, hospitali nzuri, kila mtu anausifu. Huku kwangu kuna kelele, pikipiki, na umeme unakatika. Nimeshindwa kuwaeleza kwa nini sitaki. Jirani yangu asiponiona mlangoni asubuhi huja kugonga. Je, ni ukaidi wa uzee?
Mzee wa Mlangoni

Shikamoo mzee wangu, na pole sana kwa mama.

Ukaidi sidhani. Mstari wako wa mwisho kabla ya swali ndo maelezo yenyewe, nakushauri uukate hapa gazetini uwatumie watoto. Mji unaosifiwa na kila mtu unaweza ukawa mzuri kweli na bado hauna hata mtu mmoja wa kugonga. Wao wanakupenda, sina shaka, ila wanatoka asubuhi wanarudi jioni, na katikati hapo kuna saa kumi ambazo ni zako na kuta. Hiyo bustani kubwa iko mbali kiasi gani kutoka mlangoni? Kama unahitaji gari na dereva ufike kwenye benchi, basi hiyo bustani ni ya wengine.

Lakini na mimi sitakudanganya, hospitali nzuri kwa miaka yako sio jambo la kupuuza, na wajukuu nao si haba. Kwa hiyo usiwajibu ndiyo wala hapana. Nenda mwezi mmoja, sio wiki, wiki ni ugeni, kila mtu anakuchangamkia. Mwezi. Wiki ya kwanza waombe wakuonyeshe njia ya kutembea wewe mwenyewe mpaka msikitini au kanisani, mpaka dukani, mpaka kinyozi, afu wiki tatu zilizobaki nenda peke yako, saa zile zile. Uone kama kufikia wiki ya nne kuna hata mmoja anayekuuliza "mzee, jana hukupita?" Akipatikana mmoja, hilo nalo ni la kuliwaza, maana mwezi ni muda mfupi na huyo mmoja ataleta wa pili. Asipopatikana, utawaeleza watoto kwa urahisi zaidi kuliko sasa hivi.

Nyumba usiuze, usipangishe, usigawe hata kiti. Funguo mwachie huyo jirani anayegonga. Atakuuliza unarudi lini, wewe mpe tarehe kabisa.